Rafiki yako amefiwa, nawe si mtu wa dini

Majuzi alikuja kwangu kliniki kijana mmoja wa miaka thelathini hivi, karani katika ofisi moja ya hapa mjini, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga na usingizi umemhama. Nilimpima shinikizo la damu, nikamtazama macho, nikamuuliza kuhusu chakula chake na kazi yake. Sikupata lolote la kutisha. Ilikuwa hadi alipokuwa akivaa koti kuondoka ndipo aliponiambia lililomleta. Rafiki yake wa tangu shule ya msingi alikuwa amefiwa na mama yake. Majuma matatu yalikuwa yamepita na kijana huyu hakuwa amekanyaga kwa rafiki yake, hakuwa amempigia simu, wala hakuhudhuria mazishi. Alituma mchango wake kwa simu ya mkononi, akanyamaza.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Daktari, jamaa yangu ni mtu wa kanisa sana," akanijibu. "Pale kwao ni maombi na nyimbo kuanzia jioni hadi usiku wa manane. Mimi mambo hayo niliyaacha zamani. Nikienda nitamwambia nini? Nimwambie mama yake yuko mahali pema, na mimi siamini kwamba kuna mahali pema? Afadhali nisiende kuliko niende nikawe mnafiki."

Nilimwandikia dawa ya kichwa ya siku mbili na kumwambia kwamba dawa yake hasa iko nyumbani kwa rafiki yake. Alipoondoka nilikaa nikifikiri, kwa sababu tatizo lake ninalijua vyema. Mimi pia, msomaji, si mtu wa dini. Sijalisema hilo katika ukurasa huu hapo awali kwa kuwa halikuhitajika. Anayeumwa na ini hamuulizi daktari wake kama anasali. Lakini leo linahitajika.

Wala sisi si watu wawili watatu tu. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya Wakenya 755,000 waliwaambia makarani wa sensa kwamba hawana dini yoyote. Ongeza hapo wale ambao huandikwa kuwa Wakristo au Waislamu kwa sababu wazazi wao ni Wakristo au Waislamu, na ambao mlango wa nyumba ya ibada huuona siku ya arusi tu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikira, imani na maoni. Hata hivyo katiba haikuambii ufanye nini unapofika langoni mwa nyumba yenye msiba, hema limeshasimamishwa uani, na nyimbo unazisikia tangu barabarani.

Hilo ndilo ningependa tulizungumze juma hili. Na kabla sijakupa ushauri wowote, yafaa nikuambie jinsi mimi mwenyewe nilivyokosea.

Kosa langu

Nina rafiki ambaye tulilala bweni moja katika shule ya upili. Yeye alikuja kuwa mzee wa kanisa, mimi nikawa daktari asiyekwenda kanisani. Kwa miaka ishirini tulibishana kuhusu Mungu tukinywa chai, tukicheka, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Kisha binti yake wa miaka kumi na sita akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Jumatatu alikuwa darasani. Jumatano alikuwa mochari.

Wakati wa matanga nilijitahidi. Nilisaidia kutafuta gari la kubebea maiti hadi mashambani, nilisimama kaburini, nikanyamaza waliposema ni mapenzi ya Mungu. Lakini miezi miwili baadaye alikuja kwangu usiku, bila kupiga simu. Aliketi, akaacha chai ikapoa mbele yake, kisha akasema: "Daktari, mimi nimeomba maisha yangu yote. Usiku ule nilipiga magoti hapo hospitalini hadi asubuhi. Mbona hakunisikia?"

Na mimi, msomaji, nikaona kwamba hatimaye mlango umefunguka. Nikamwambia hakusikiwa kwa sababu hakuna anayesikiliza. Nikamwambia kwamba bakteria waliomuua mtoto hawamjui mcha Mungu wala asiyemcha. Nilizungumza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake dawa. Nilidhani kwamba nampunguzia mzigo, kwamba sasa ataacha kujiuliza alikosa nini.

Alinitazama kwa muda, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaenda zake. Sikumwona tena kwa miezi saba.

Ilipofika siku ya ibada ya kumkumbuka binti huyo, nilikwenda bila kualikwa, nikaketi kiti cha nyuma kabisa. Baada ya ibada alinijia, akaniwekea mkono begani, akasema, "Umekuja." Jioni ile ndipo aliponieleza. Aliniambia: "Siku ile nilikuja kwako kulia, wewe ukataka tubishane. Nilikuwa nimempoteza mtoto. Ulitaka nimpoteze na Mungu pia, halafu nibaki na nani?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona kwa juma moja.

Jambo ambalo sikulielewa usiku ule ni hili: mtu wa dini anapomlalamikia Mungu wake, hajatoka katika dini. Yumo ndani yake. Analalamika kama mtoto anavyomlalamikia baba, na malalamiko hayo ni sehemu ya sala yake. Anapouliza "mbona hakunisikia?" hafanyi mtihani wa falsafa unaongoja majibu yako. Ni uchungu unaosema. Ukijibu swali, umeuacha uchungu pale pale ulipokuwa.

Wanaosoma Biblia wanakijua kisa cha Ayubu. Marafiki zake watatu walipomwendea, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kutamka neno, maana waliuona uchungu wake kuwa mkubwa mno. Hadi hapo walikuwa marafiki wema. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa na kumfafanulia kwa nini amepatwa. Mimi siamini kisa hicho kama rafiki yangu anavyokiamini, lakini sijaona kitabu cha udaktari kilicholieleza jambo hili vizuri zaidi.

Makosa matatu

Kwa maoni yangu, sisi tusio na dini hukosea kwa njia tatu tunapomwendea rafiki aliyefiwa.

La kwanza ni kukimbia, kama alivyofanya yule kijana. Tunajiambia kwamba tunaepuka unafiki, kumbe tunaepuka msiba. Aliyefiwa hahesabu hoja zako. Anahesabu waliokuja na wasiokuja, na hesabu hiyo huikumbuka miaka mingi.

La pili ni kubishana, ambalo ni kosa langu. Si lazima ubishane kwa maneno. Kuna wale ambao hukunja uso mchungaji anapohubiri, au huangalia simu wakati wa dua, au huchomoka nje kuvuta sigara kila wimbo unapoanza. Huo nao ni ubishi, na mwenye msiba anauona.

La tatu ni kuigiza. Huyu anaona kwamba njia rahisi ni kusema yale ambayo kila mtu anayasema: amepumzika, Mungu amempenda zaidi, yuko na malaika. Najua wapo watakaoniambia kwamba maneno hayo ni adabu tu na hayamdhuru mtu. Sikubaliani nao. Rafiki yako anakujua. Anajua ulichoamini juzi. Ukianza leo kuzungumza kama padre, atajua kwamba unamchukulia kama mgonjwa wa kubembelezwa, na wakati huo ndipo anapohitaji watu wa kweli kando yake. Isitoshe, hata miongoni mwa waumini wapo wasiopenda kuambiwa maneno hayo. Nimewasikia akina mama waliopoteza watoto, na wanaosali kila siku, wakiniambia kwamba neno lililowachoma zaidi ni lile la "Mungu alimpenda zaidi". Mama gani atakubali kwamba kuna aliyempenda mwanawe kumzidi yeye?

Basi useme nini? Useme yaliyo kweli kwako na kwake. "Pole sana, ndugu yangu." "Sina neno la kukwambia, lakini nipo." Kule Pwani neno "makiwa" linatosha, nalo husemwa na kila mtu. Kisha mzungumzie marehemu. Mambo ya kaburini na baada yake waachie wenye kuyajua. Wewe zungumzia maisha yake hapa duniani, ambayo uliyaona kwa macho yako. "Mama alikuwa akinipa chapati mbili kila nilipokuja hapa, na ya tatu akinifungia nibebe." Maneno kama hayo si ya dini wala hayapingi dini, na kwa mfiwa yana thamani kuliko mahubiri. Usiogope kulitaja jina la marehemu. Watu wengi huliepuka wakidhani watamkumbusha. Hajasahau.

Kichwa kikiinamishwa

Kijana yule aliniuliza swali ambalo huenda nawe unajiuliza: wakisema "tuombe", nifanye nini? Jibu ni rahisi. Simama wanaposimama, inamisha kichwa, nyamaza. Ukiingia msikitini utavua viatu mlangoni, na hakuna atakayesema kwamba kwa kuvua viatu umesilimu. Kuinamisha kichwa katika nyumba ya msiba ni heshima ya namna hiyo hiyo. Kukiri kwa kinywa chako mambo usiyoyaamini ni jambo jingine, na hakuna anayekulazimisha.

Je, ukiombwa kuongoza maombi? Hilo hutokea hasa kama wewe ni mtu wa elimu au wa umri. Sema kwa sauti ya kawaida: "Namwomba mzee atuongoze katika maombi, mimi nitasema maneno machache kumhusu marehemu." Hutakuwa umemwaibisha mtu, wala hutakuwa umesema uongo.

Na rafiki yako akikuuliza uso kwa uso, "Wewe unadhani yuko mbinguni?" Hili ni gumu zaidi. Mimi siku hizi hujibu hivi: "Unajua kwamba mimi si mtu wa kuulizwa hilo, mchungaji wako analijua kunizidi. Ninachojua ni vile alivyokuwa, na vile unavyompenda. Niambie habari zake." Sijawahi kumwona mtu aliyekasirishwa na jibu hilo. Wengi huanza kusimulia.

Mwili nao huomboleza

Sasa nizungumze kama daktari, maana hapa ndipo asiye na dini anapoweza kuwa na manufaa makubwa. Wengine watashughulikia roho. Wewe angalia mwili.

Kufiwa si jambo la mawazo peke yake. Mwaka 1969 daktari Colin Murray Parkes na wenzake walichapisha nchini Uingereza uchunguzi wa wanaume 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi waliofiwa na wake zao. Katika miezi sita ya kwanza, vifo miongoni mwao vilizidi kwa asilimia 40 vile ambavyo vingetarajiwa kwa wanaume wa umri huo wenye wake. Wengi walikufa kwa maradhi ya moyo. Mwaka 1990 madaktari wa Japani nao walieleza ugonjwa ambao moyo hudhoofika kwa ghafla baada ya mshtuko mkubwa, upande wake wa kushoto ukavimba mfano wa chungu ambacho wavuvi wa huko hutegea pweza. Waliupa jina la chungu hicho, takotsubo. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Kwa hivyo mjane akilalamika kwamba kifua kinambana na pumzi hazitoshi, usimwambie ni huzuni tu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini hatari niionayo mara nyingi katika kliniki yangu ni ya kawaida zaidi. Ni dawa zilizosahauliwa. Wakati wa matanga, mtu mwenye kisukari hunywa chai yenye sukari mara saba kwa siku kwa sababu kila mgeni huletewa chai naye hunywa nao. Mwenye shinikizo la damu huacha tembe zake katika nyumba ya mjini, na mazishi ni mashambani, safari ya saa nane. Watu hukesha, hawali, husafiri usiku wakiwa wamechoka. Ndiyo maana msiba mmoja wakati mwingine huzaa mwingine.

Basi kazi yako ni hii. Muulize rafiki yako, au mkewe, au mtoto wake mkubwa: nani hapa anakula dawa kila siku, na dawa ziko wapi? Zifungashe. Hakikisha kuna maji ya kunywa na chakula kisicho na sukari wala chumvi nyingi kwa wazee. Ikiwa utaendesha gari, pendekeza safari ya mchana. Mshawishi mfiwa alale japo saa nne, wewe ukipokea wageni mlangoni. Asije mtu akampa tembe za usingizi zilizonunuliwa dukani bila maagizo ya daktari, wala asiachwe azamishe uchungu katika pombe. Dawa za usingizi na pombe zikichanganyika huweza kusimamisha pumzi.

Usidharau ibada

Baadhi ya wenzangu wasio na dini huona desturi za msiba kuwa ni kupoteza wakati na pesa. Kuhusu pesa nakubaliana nao kiasi. Kuhusu wakati, hapana.

Tazama desturi hizi kwa jicho la daktari. Waislamu huzika haraka, kisha jamaa na majirani hukusanyika, hitima husomwa, na mjane huwekewa eda ya miezi minne na siku kumi. Wakristo wana misa au ibada ya wafu, maombi ya kila jioni hadi mazishi, na ibada ya kumbukumbu baadaye. Yote haya humpa mfiwa ratiba wakati ambapo siku zake hazina mwanzo wala mwisho. Humlazimisha kuoga, kuvaa, kutoka, kusalimiwa. Humpa ruhusa ya kulia mbele ya watu.

Tuliona thamani yake ilipokosekana. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Covid-19, serikali iliweka masharti ya mazishi ya haraka na kwa muda ikaruhusu waombolezaji 15 pekee. Lilikuwa jambo la lazima. Lakini kwa muda mrefu baadaye niliwatibu watu ambao waliniambia, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba wanahisi kana kwamba hawajamzika mtu wao.

Kwa hiyo, hata kama huamini, msaidie rafiki yako kuifikia ibada yake. Mpeleke kanisani kwa gari lako. Mnunulie mafuta ya taa au umlipie bili ya stima ili watu wa dua wapate kuona. Mjane akiwa katika eda na wewe ni rafiki wa marehemu, nenda na mkeo au dada yako, uulize kinachohitajika sokoni, shuleni kwa watoto, au benki, uende ukakifanye. Unamwezesha rafiki yako kupata kile kinachomshikilia, na ikiwa wewe hukihitaji, hiyo ni bahati yako au hasara yako, lakini si habari ya siku hiyo.

Matanga yakishaanuliwa

Hema likiondolewa na viti vya kukodi vikirudishwa, hapo ndipo msiba huanza. Kikundi cha WhatsApp kilichokuwa kikilia usiku kucha hunyamaza. Ndugu hurudi makazini. Mfiwa hubaki na kitanda kipana na kikombe kisicho na mwenyewe.

Andika tarehe katika kalenda yako: mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa ya marehemu, Krismasi au Idi ya kwanza, mwaka mmoja. Siku hizo piga simu au nenda. Usimwambie "ukihitaji chochote nijulishe", maana hatakujulisha. Mwambie "Jumamosi saa nne nakuja, tuende tukanyoe nywele." Kama ni mama, "nitakuletea mboga zilizokwisha kukatwa."

Pia usimpime kwa kipimo cha vitabu. Wengi mmesikia kwamba mfiwa hupitia hatua tano, yaani kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali. Hatua hizo ziliandikwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Hakuna sheria inayosema kwamba rafiki yako azipite zote, wala kwa mpangilio huo. Leo atacheka, kesho atalia sokoni akiona samaki ambao marehemu alipenda. Akikuambia kwamba alisikia sauti ya marehemu jikoni, au alimwona kwa kufumba na kufumbua, usimdhanie wazimu. Hilo huwapata wafiwa wengi walio timamu.

Hata hivyo kuna wakati wa kumleta kwa daktari. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022, linatambua maombolezo yaliyopitiliza kuwa ugonjwa. Dalili zake ni uchungu mkali na kumtamani marehemu kusikopungua kwa zaidi ya miezi sita, hata mtu akashindwa na kazi, watoto na nafsi yake. Zingatia kwamba orodha hiyo hiyo inamtaka daktari kwanza aangalie desturi na dini ya mgonjwa kabla ya kusema kwamba amepitiliza. Hata sayansi hapo inauliza nyumba ya ibada.

Na akisema "natamani nimfuate", usibabaike wala usihubiri. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafuu ya kulitoa. Usimwache peke yake, ondoa dawa za kuulia wadudu na tembe zilizozagaa, mpeleke hospitali. Zamani watu walificha mawazo hayo kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya jinai. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Mtu huyo anahitaji tiba.

Mahali pasipo pa kunyamaza

Nimekushauri unyamaze mara nyingi. Kuna mahali pamoja ambapo sikushauri hivyo. Rafiki yako akikuambia kwamba ameacha dawa za presha, za kisukari au za Ukimwi kwa sababu amehakikishiwa kwamba maombi yanatosha, sema. Lakini usimshambulie Mungu wake ili kuokoa tembe zake. Hutapata hata kimoja. Nenda kwa padre, kasisi au imamu wake, na utashangaa ni wangapi wako tayari kukusaidia. Nimepata kumwambia mchungaji mmoja, "Naomba umwambie ameze dawa huku akiomba." Alimwambia. Mgonjwa alimeza. Kwangu mimi asingemeza. Bishaneni juu ya tembe, msibishane juu ya mbingu.

Yule kijana wa kichwa alinipigia simu baada ya siku kumi. Alikwenda. Aliniambia kwamba maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalimpotea langoni, akaishia kusema pole. Aliwakuta wakikaribia kuanza maombi, bomba limekauka tangu asubuhi. Akachukua mitungi miwili, akaenda kuteka maji, na akarudi tena mara tatu. Rafiki yake alimwambia tu, "Nilikuwa nimeanza kudhani umekufa na wewe." Nilimuuliza kuhusu usingizi. Akasema analala.

Mimi nami bado nina deni langu. Rafiki yangu mzee wa kanisa ana baba ambaye siku hizi hawezi kuondoka kitandani, na tangu mkewe alipoanza kufanya kazi za zamu alikuwa akikosa ibada kwa kuwa hakuna wa kubaki na mzee. Mimi Jumapili asubuhi sina pa kwenda. Basi saa mbili unusu hufika kwake, yeye huchukua Biblia yake akaenda, nami nikabaki namsomea mzee gazeti hili. Anaporudi huniuliza, "Umeombewa leo, unajua?" Humjibu kwamba najua. Kisha tunakunywa chai.

Ikiwa nawe una rafiki aliyefiwa na hujaenda, usingoje upate maneno. Nenda leo jioni.